Vitabu vinne vya hela, elfu thelathini mkononi: uchukue kipi?

Jumamosi iliyopita shemeji yangu kanipigia simu yuko Posta, kasimama kwa wale jamaa wanaotandika vitabu chini pembeni ya barabara, honi za daladala nazisikia mpaka huku Kimara. "Shemeji, nina elfu thelathini, hapa kuna vinne vya mambo ya hela, huyu kaka anasema vyote vikali, nibebe kipi?" Akanisomea majalada: Rich Dad Poor Dad, The Richest Man in Babylon, The Psychology of Money na The Intelligent Investor. Vyote nimesoma, kimoja mara mbili, kimoja niliishia katikati nikakirudia baada ya mwaka. Nikamwambia usitoe hela kwanza, nipe dakika kumi.

Haya ni yale niliyomwambia, na mengine ambayo vocha isingetosha. Nimeamua kuyaandika kwa sababu swali hili naulizwa sana na jibu la mtaani ni moja tu, "anza na Rich Dad", kama vile ni sheria ya nchi. Mi kwa mtu wa kawaida hapa Dar, mwenye mshahara wa kuungaunga au kibiashara cha siku kwa siku, ningekiweka cha tatu.

Tuanze nacho hichohicho maana ndo chenye jina. Robert Kiyosaki alikitoa 1997 akishirikiana na Sharon Lechter, ni hadithi ya mtoto anakulia Hawaii na mababa wawili, wa kwanza ni mzazi wake, msomi haswa, kaajiriwa serikalini na hela kila siku haitoshi, wa pili ni baba wa rafiki yake, darasa la nane hakumaliza ila ana biashara zake. Kinasomeka kama stori ya kijiweni. Kuna sehemu hao watoto wanayeyusha tyubu za dawa ya meno wanamimina sarafu za bandia kwa sababu wameambiwa watengeneze pesa, wakaelewa hivyohivyo, nilicheka peke yangu kwenye mwendokasi mpaka mama wa pembeni akanitazama. Na wazo lake kubwa linabebeka hata kichwani: mali ni kitu kinachokuingizia hela mfukoni, mzigo ni kile kinachokutolea. Kwa hesabu hiyo nyumba unayolala mwenyewe sio mali.

Hapo ndo wabongo wengi tunashtuka, maana nani hapa hana kiwanja Chanika au Kigamboni au Mapinga, msingi umepanda, hela ikakata, majani yameota sebuleni, na kila Krismasi anasema mwakani napaua? Kiyosaki atakwambia pagale lako ni mzigo. Mi namkubalia nusu. Hela imelala pale miaka saba hailipi chochote, ni kweli, ila yeye hajawahi kukutana na mwenye nyumba wa Sinza anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo halafu anapandisha bila hata kukwambia. Siku unahamia kwenye pagale lako hata kabla ya madirisha, ile kodi inabaki mfukoni.

Tatizo langu na hiki kitabu lipo sehemu nyingine, kinakuacha na hamu kubwa na maelekezo machache. Ukimaliza unataka kuacha kazi Jumatatu. Na kinavyoongelea mkopo, yaani kutumia hela za watu kununua mali, ni maneno ya mtu wa Marekani ambako mkopo wa nyumba unalipwa miaka 30. Mi nilikimaliza nikaenda kununua pikipiki ya kumpa kijana aendeshe boda. Ilikua milioni mbili na laki sita, nilikua na akiba ya milioni moja na laki moja, iliyobaki milioni moja na nusu nikachukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi. Nilijiona nshakua baba tajiri. Sasa piga hesabu ambayo mi sikupiga: kijana analeta hesabu elfu hamsini kwa wiki, hiyo ni laki mbili kwa mwezi, riba peke yake laki tatu. Kila mwezi natoa laki moja mfukoni kwangu ili "mali" yangu iendelee kutembea, hapo sijagusa deni lenyewe, na kuna mwezi tairi la nyuma limeisha na mwezi kijana kakamatwa hana helmeti ya abiria. Miezi mitano nikauza kwa milioni moja na laki nane, nikalipa deni na riba ya mwisho, nikabaki sina pikipiki, sina akiba, na nina madeni ya laki saba huku na kule, kwa Mangi, kwenye kikoba, kwa jamaa wa kazini.

Kwa haki yake, kitabu chenyewe kilishanipa kipimo. Kinachokutolea hela ni mzigo, na ile pikipiki ilikua inanitolea hela tangu mwezi wa kwanza. Ila ndo hivyo, kile kitabu kinakupandisha mzuka kwanza, kipimo unakuja kukikumbuka ukishaumia.

Sasa kiweke pembeni ya hiki cha Babeli. George Clason alikua mtu wa ramani, ana kampuni ya kuchapa ramani huko Denver, na hizi hadithi zilianza 1926 kama vijitabu ambavyo mabenki na kampuni za bima zilikua zinagawa kwa wateja, kisha zikakusanywa zikawa kitabu. Ukijua hilo unaelewa kwanini kila ukurasa unakwambia weka akiba, wagawaji walikua na maslahi yao, lakini haifanyi ushauri uwe mbaya. Ni kitabu kidogo, unamaliza wikiendi moja.

Tofauti kubwa na Kiyosaki ni kwamba Clason hakuulizi una ndoto gani, anakuuliza umeingiza ngapi leo. Arkad, yule tajiri wa kwenye hadithi, anamuuliza muuza mayai: kila asubuhi ukiweka mayai kumi kwenye kapu na kila jioni ukatoa tisa, mwishowe itakuaje? Kapu litajaa. Basi, sehemu moja kati ya kumi ni yako, inatoka kabla ya mtu mwingine yeyote hajalipwa. Hapo ndo nilimwona shemeji maana yeye ana saluni Tabata, mshahara hana, kuna siku anasuka vichwa vinne na kuna siku anaangalia tamthilia mpaka jioni. Ushauri wa "mwisho wa mwezi tenga kiasi fulani" kwake haufanyi kazi kwa sababu mwisho wa mwezi hela ilishaliwa tarehe tano. Ila kichwa cha elfu thelathini, elfu tatu inaenda kwenye simu palepale mteja akiwa bado anajiangalia kwenye kioo, hiyo anaiweza.

Na kwa wenye madeni kuna Dabasir, muuza ngamia aliyewahi kuwa mtumwa kwa sababu ya kukopa ovyo. Mpango wake ni huu: saba ya kumi unaishi nayo, mbili ya kumi unalipia madeni, moja ya kumi unaweka. Mi nalipwa laki sita, nafanya stoo Kariakoo, kwa hiyo laki nne na ishirini ya kuishi, laki na ishirini ya madeni, elfu sitini ya kapu. Yale madeni ya laki saba niliyabeba hivyo, nikaenda kwa kila ninayemdai, samahani, anayenidai, nikamwambia nitakua nakupa kidogo kidogo kila tarehe moja. Mangi alicheka akasema wewe lipa tu. Miezi sita ikaisha. Lakini sikilizeni, ule mpango unategemea mtu anayekudai anakubali kusubiri bila deni kuvimba, Dabasir mwenyewe aliwapitia wadai wake mmoja mmoja. Kausha damu hasubiri. Laki na ishirini yangu isingefika hata nusu ya riba ya mwezi, ndo maana pikipiki ilibidi iuzwe kwanza ndo Babeli ianze. Kitabu hakisemi hivyo, nasema mimi.

Kitu kingine ambacho Clason hakua nacho ni michango. Saba ya kumi yangu haina nafasi ya kadi tatu za harusi ndani ya mwezi mmoja, kila kamati ina grupu lake la WhatsApp na mwenyekiti anayekutaja kwa jina usiku wa manane, "ndugu fulani bado hatujaona muamala wako". Nimejifunza kuweka fungu la michango kabisa, likiisha limeisha. Ndugu walinuna kidogo, wamezoea.

Kasoro yake kubwa kwa msomaji wa hapa ni lugha. Kingereza chake ni kile cha kizamani, cha Biblia ya King James, "thee" na "thou" kila mstari. Kama form four yako kingereza kilikua cha kupapasa, utachoka ukurasa wa tano. Kiyosaki hapo anamshinda mbali, anaandika kama anaongea.

(Kuna wanaoniuliza kuhusu Dave Ramsey na The Total Money Makeover ya 2003. Ni Babeli ya kisasa, tofauti anakwambia lipa deni dogo kuliko yote kwanza upate moyo, ndo uende linalofuata. Kama una vijideni vingi, mikopo ya simu ya Songesha hapa, Nivushe pale, kwa mama ntilie, hiyo mbinu inasaidia kweli. Ila kurasa anazotumia kukushawishi ukate kredit kadi na mkasi, wewe na mimi tunaruka tu.)

Haya, hivyo viwili vya juu ni kwa mtu ambaye hela bado haijakaa. Viwili vinavyobaki ni kwa ambaye imeshakaa kidogo na sasa inamwasha.

Morgan Housel alitoa The Psychology of Money 2020, na kama unataka kitabu kimoja cha kumpa mtu asiyependa kusoma mpe hiki. Sura fupi fupi, unasoma moja kwenye foleni ya Ubungo. Haelezi ununue nini, anaelezea akili yako inavyokuchezea. Stori yake ninayoipenda ni ya Ronald Read wa Vermont, mzee aliyetengeneza magari kwenye kituo cha mafuta miaka 25 na kufagia duka miaka 17, alipofariki 2014 ana miaka 92 wakakuta ana zaidi ya dola milioni 8. Hakushinda bahati nasibu, hakurithi, alinunua hisa za makampuni makubwa akatulia, miaka ikafanya kazi. Mfagizi! Nikimsimulia fundi wangu wa viatu huwa anasema ungesikia ana wake wangapi ndo ungejua siri yake.

Housel pia ana hoja kwamba utajiri ni kile usichokiona, gari ambalo hukununua, saa ambayo hukuvaa. Hii Dar inauma maana mji mzima tunahukumiana kwa usafiri. Jamaa ana Crown, unamheshimu, hujui kama mafuta anaweka ya buku kumi kumi.

Graham ni kitu kingine kabisa. The Intelligent Investor ya Benjamin Graham ilitoka 1949, kuna toleo la 2003 lenye maelezo ya Jason Zweig kila baada ya sura, linazidi kurasa 600 na uzito wake unaweza kuzuilia mlango. Warren Buffett, yule bilionea wa hisa, alikisoma ana miaka 19 na mpaka leo anakisifia, tena anataja sura ya 8 na ya 20 kwamba ndo za kuzingatia. Hiki ndo nilikiacha katikati. Mifano yake ni ya makampuni ya reli na hatifungani (yaani unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba) za Marekani za enzi hizo, unasoma kurasa tatu unasinzia. Nilivyorudi nilifuata hizo sura mbili tu kwanza, na nashauri ufanye hivyo.

Waweke hawa wawili kwenye swali moja uone tofauti. Umenunua hisa, bei imeshuka, unafanyaje? Housel anakwambia ile maumivu ni ada ya kulipia faida ya baadaye, usiichukulie kama faini, kaa. Graham anakupa Bwana Soko, mshirika wako mwenye wazimu anayekuja kila siku na bei mpya, leo kafurahi anakupandishia, kesho kanuna anakuuzia kwa hasara, na wewe huna lazima ya kumsikiliza. Halafu anakwambia usikae tu, kaa kama ulinunua kwa bei ya chini ya thamani, kama uliacha nafasi ya kukosea, vinginevyo unajidanganya. Housel anakutuliza, Graham anakukagua. Mi nilihitaji kutulizwa kwanza.

Ila Bwana Soko wa Dar es Salaam ana tabia yake. Soko la hisa letu, DSE, lilianza kuuza na kununua 1998 na kampuni ya kwanza ilikua ile ya gesi, TOL, na mpaka leo makampuni ni machache. Benki kubwa kama CRDB na NMB zinachangamka, lakini kuna kaunta nyingine, yaani hisa za kampuni nyingine, unaweka oda ya kuuza inakaa wiki hakuna mnunuzi. Yaani Bwana Soko wa Graham anagonga mlango kila siku, wa kwetu siku nyingine haji kabisa kazini. Kwa hiyo hela ya ada ya mtoto usiiweke huko, hilo Graham angekubali. Sehemu ambayo anatufaa sana ni anaposema mwekezaji wa kujihami agawe hela yake kati ya hisa na hatifungani, upande wowote usishuke chini ya robo wala kupita robo tatu. Hatifungani tunazo, za serikali zinauzwa kwa mnada wa Benki Kuu, mpaka za miaka 25 zipo, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, unaanza na milioni moja. Hiyo milioni ndo inawatoa wengi.

Kwa ambaye milioni haijafika, Housel anasaidia zaidi ingawa bila kukusudia. Mwishoni anaeleza hela zake mwenyewe zipo wapi, na ni kitu cha kuchosha kabisa: nyumba isiyo na mkopo na mifuko ya uwekezaji ya gharama nafuu anayoijaza kila mwezi. Huku kwetu mifuko ya pamoja ipo, watu wengi wanachanga hela inawekezwa kwa niaba yao, ya UTT AMIS ndo inajulikana zaidi, mfuko wake wa Umoja umeanza 2005, unanunua vipande kwa simu. Sio kitu kilekile maana mifuko ya Housel inafuata soko zima bila kuchagua na huku kuna mameneja wanachagua, ila tabia inayotakiwa ni ileile, weka kidogo kidogo usichungulie kila siku. Ukisoma Housel utaelewa kwanini kuchungulia ndo ugonjwa.

Shemeji hakuniuliza kuhusu vitabu vya kutafuta mtaji, ila wengine wanauliza, hasa vijana wenye programu zao wanaozungukazunguka COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, pale Sayansi. Kipo Venture Deals cha Brad Feld na Jason Mendelson, cha 2011, kinachambua mkataba wa mwekezaji kipengele kwa kipengele, na kama kuna mtu kakuletea mkataba kweli kinunue leo kabla hujasaini. Kama hakuna mkataba mezani hakikuhusu. Saluni ya Tabata mtaji wake utatoka kwenye mchezo, kikoba, au kikundi cha kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, na hayo yote hakuna Mmarekani aliyeyaandikia. Nasikitika kusema kitabu kizuri cha kuchangisha mtaji hapa mjini kingeandikwa na mwenyekiti wa kamati ya harusi, watu wanaokusanya milioni ishirini kwa miezi mitatu bila dhamana.

Basi nikampigia. Nikamwuliza, una deni? Akasema la kikoba tu, dogo. Hela unayoingiza unajua inaenda wapi? Kimya. Nikamwambia Babeli, na kama kingereza chake kitakukera beba na Housel, kimoja kikikuchosha unahamia kingine. Kiyosaki uazime kwa mtu, kila ofisi Dar ina nakala moja inayozunguka, ila ukimaliza kabla hujakopa nipigie. Na fungua kurasa kabla hujalipa, hizi za kutandika chini nyingine ni fotokopi, yangu ya kwanza ya Babeli ilitoka ukurasa 64 ikaruka 81, yule mtumwa sikujua aliokokaje mpaka nikapata nyingine.

Wamepatana vyote viwili elfu ishirini na saba. Graham nimemwambia asinunue, changu kipo juu ya kabati, akija Kimara siku ambayo simu yake ina milioni ya mayai ya kumi kumi atakichukua. Kina vumbi ila kurasa zote zipo.